Kigango kikiliwa na mchwa, nani kasema ni kosa?

Najua nimepotea karibu wiki tatu, na wale mlioniuliza kwenye foleni ya kantini kama nimeacha kuandika, jibu ni hapana. Ilikuwa mitihani ya katikati ya muhula, na umeme wa hosteli yetu mnaujua wenyewe. Leo nimepata nafasi, na kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumanne.

Jumanne tulikuwa na darasa la historia ya makumbusho. Mhadhiri akaandika ubaoni maana mpya ya neno makumbusho, ile iliyopitishwa na ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, mjini Prague tarehe 24 Agosti 2022. Ukiisoma unakuta mambo ambayo maana ya zamani haikuwa nayo: kwamba makumbusho yafikike na yawe jumuishi, yakuze uendelevu, yafanye kazi kwa maadili na jamii zenyewe zishiriki. Akasema, haya, nipeni kitu kimoja cha Kenya, halafu mniambie haya maneno matatu yanakisaidia nini: maadili, ushirikishwaji, uendelevu.

Nikanyosha mkono nikasema vigango.

Komredi mmoja wa nyuma akauliza, "Vigango ndo nini?" Kabla sijafungua mdomo, rafiki yangu tunayeishi naye chumba kimoja, Mtanzania wa Songea, akajibu kwa kujiamini kabisa kwamba kigango ni kanisa dogo lililo chini ya parokia. Darasa likaanguka kicheko. Kumbe hakukosea, Wakatoliki wa kwao wanaita hivyo kweli. Nikaeleza kwamba sisi Wamijikenda, hasa Wagiriama, kigango chetu ni mti uliochongwa kwa ajili ya mzee aliyefariki. Nikasema vingi viliibiwa vikauzwa, na leo viko kwenye makumbusho ya Marekani.

Ndipo akasimama mwingine akasema, "Si afadhali viko huko? Huku vingeshaliwa na mchwa." Darasa likacheka zaidi ya mwanzo. Nami nikacheka nao. Hilo la kucheka ndilo linaloniuma mpaka leo, manake kwetu Ganze, kwenye mji wa babu (nyinyi wa bara mngeita boma), kuna mahali pana nafasi kama ya hatua mbili ambapo babu haruhusu mtu kulima wala kufunga mbuzi. Hapo alisimama kigango cha baba yake. Kiling'olewa usiku mmoja miaka ya 1980, mimi sijazaliwa. Vilivyobaki vimesimama pembeni, kimoja kimeinama, na kweli mchwa wamekianza. Nimekua nikipaona hapo na sikuwahi kuuliza sana, kwa sababu baba yangu ni mzee wa kanisa na kwake hayo ni mambo ya giza.

Basi nikaona nisome. Haya niandikayo leo ndiyo niliyoyapata, na mwisho nitawaambia babu alisema nini nilipompigia simu.

Kigango ni nini hasa

Wengi wetu tunaambiwa ni sanamu au vinyago. Siyo. Kigango ni mti mgumu uliochongwa bapa, wenye kimo cha mtu na vingine hupita hapo. Juu kuna kichwa, mara nyingi mviringo kama sahani, na kiwiliwili kimejaa michoro ya pembetatu iliyochimbwa kwa ustadi. Hakikusudiwi kufanana na sura ya marehemu. Na si kila aliyekufa anachongewa. Husimamishiwa mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima, ambacho kuingia kwake ni gharama na karamu. Wengine hupata miti mifupi ya kawaida inayoitwa koma, jina lilelile la roho za wahenga.

Mara nyingi kigango hakichongwi papo hapo baada ya mazishi. Marehemu humjia mtu wa nyumba yake ndotoni, au matatizo yanaanza nyumbani, watu wakienda kuagua wanaambiwa mzee anadai kigango chake. Kikishasimamishwa, hapo ndipo nyumba inapozungumza naye. Anamwagiwa tembo la mnazi, anaelezwa shida, anaombwa mvua, anaombwa watoto.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo kiini cha mambo yote. Kigango hakihamishwi. Watu wakihama, na zamani watu walikuwa wanahama shamba likichoka, kigango kinabaki palepale porini. Kule kwenye mji mpya wanasimamisha mti mdogo, kibao, ili kumwita mzee awafuate. Kile cha kwanza kinaachwa na jua, mvua na mchwa. Hakuna anayekipaka rangi wala kukijengea paa. Hajasahaulika. Amemaliza kazi yake mahali pake.

Mtu wa nje akipita akakikuta peke yake msituni, ataona mali isiyo na mwenyewe. Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Jinsi vilivyoondoka

Tusidanganyane, makomredi. Tunapenda kusema "wazungu waliiba", na kuna mahali ambapo ndivyo hasa. Shaba za Benin zilichukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897 mji ukachomwa moto. Hata kwetu Waingereza walitumia nguvu: mwaka 1914, Wagiriama walipokataa kodi na kazi za kulazimishwa baada ya Mekatilili wa Menza kuzunguka akiwaamsha watu, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Lakini vigango havikuondoka kwa jeshi. Vingi vilianza kuondoka miaka ya 1970 na 1980, Kenya ikiwa huru na ina bendera yake.

Utalii ulikuwa umepanda pwani. Maduka ya vinyago yalikuwa yanatafuta kitu cha kale, na kule Los Angeles kukaanza maonyesho na nyumba za sanaa za kuuza vigango kama sanaa ya Afrika. Wenye pesa wakavipenda, manake ukikisimamisha kigango mbele ya ukuta mweupe na taa juu yake, kinapendeza kweli. Huko mwisho wa safari kilikuwa kinauzwa kwa maelfu ya dola. Huku mwanzo wa safari, kijana aliyeking'oa usiku alipata vijisenti vya kumalizia wiki. Na kijana huyo mara nyingi alikuwa wa hapahapa, hana kazi, shamba limekauka, na kanisani au msikitini ameshaambiwa kwamba vitu hivyo ni vya kishetani. Ukishamwambia mtu kitu ni uchafu, usishangae akikiuza.

Kwa hiyo mnyororo ulikuwa mrefu: kijana, mwenye duka, msafirishaji, mwenye nyumba ya sanaa, tajiri, halafu makumbusho. Na yule tajiri mara nyingi hakuyauzia makumbusho bali aliyapa kama zawadi, kwa sababu sheria za kodi za Marekani zinamruhusu mtu kupunguziwa kodi kwa thamani ya alichotoa. Makumbusho yakipokea, yanaandika kwenye kadi: Kenya, Mijikenda, mti, karne ya 20. Jina la mzee hakuna. Mji hakuna. Aliyeuza alikuwa na ruhusa ya nani, hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo neno maadili linapoanza kupata uzito kwangu. Mtu anaweza kufikiri maadili ni kutoiba tu. Lakini kadi ile ndogo ina lake pia. Kutouliza kumetoka wapi ni njia ya kushiriki, tena njia safi, usiyochafua mikono.

Picha moja ya mwaka 1985

Hadithi ya jinsi jambo hili lilivyojulikana ni kama ya filamu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Marekani, Monica Udvardy, alikuwa anafanya utafiti kwa Wagiriama. Akampiga picha mzee mmoja amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Baadaye akarudi kumpelekea mzee picha yake, kama adabu inavyotaka. Akamkuta na majonzi: vigango vile viwili vimeibiwa. Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta.

Miaka ikapita. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa Afrika huko Marekani, mtafiti mwingine, Linda Giles, akawa anaonyesha picha za vigango vilivyo kwenye makumbusho moja ya jimbo la Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Ni kilekile cha kwenye picha yake. Walipoendelea kutafuta wakakipata na cha pili, kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia.

Pamoja na Mkenya John Mitsanze, wawili hao wakachapisha makala mwaka 2003 katika jarida la American Anthropologist, wakaeleza kwamba walikuwa wamehesabu karibu vigango 300 kwenye makumbusho 19 ya Marekani. Jambo hilo waliliita biashara ya mababu kuvuka Atlantiki. Hebu lifikirieni jina hilo kwa upande wa Hampton. Kile ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kusomesha watu weusi waliotoka utumwani, na makumbusho yake ni ya mwaka huohuo. Yaani wajukuu wa watu waliovushwa bahari wakajikuta wamemhifadhi babu wa mtu mwingine aliyevushwa bahari. Hawakuwa na nia mbaya. Kadi haikuwaambia kitu.

Mwaka 2006 Illinois State Museum ikakubali kurudisha. Hampton nayo ikarudisha, na mwaka 2007 vyote viwili vikafika kijijini kwa sherehe. Yule mzee wa kwenye picha hakuwepo, alikuwa ameshafariki. Familia yake ndiyo iliyopokea.

Sasa angalieni nini kilisaidia. Ilikuwa picha moja tu, iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa. Kigango cha mji wetu hakina picha. Hata kama kimesimama mahali fulani huko, kwenye taa nzuri, hakuna mtu atakayesema "yule ni mzee wa Ganze". Nimetafuta usiku mzima kwenye intaneti, nikaona picha nyingi za vigango, vingine kwenye mnada vikiwa na bei chini yake. Nikagundua ninatafuta kitu ambacho hata nikikiona sitakijua. Nikazima kompyuta nikalala.

Denver mara mbili

Kuna mji mmoja Marekani, Denver, ambao una visa viwili vya kutufundisha.

Cha kwanza ni cha vigango. Mwaka 1990 makumbusho ya sayansi na viumbe ya mji huo yalipewa vigango 30 na watu wawili wa Hollywood, mwigizaji Gene Hackman na mtayarishaji wa filamu Art Linson. Mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria ya kuyalazimisha makumbusho mengi kuwarudishia Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa nchi ile, mabaki ya watu wao na vitu vyao vitakatifu. Sheria hiyo haimhusu Mgiriama. Hakuna mahakama ambayo ingewalazimisha watu wa Denver kwa ajili yetu. Lakini waliokwisha kukaa meza moja na wazee wa makabila ya kwao waliona hawawezi kusema kitu kimoja kwa mwenyeji wa Colorado na kingine kwa mtu wa Kilifi. Mwaka 2014 wakatangaza wanavirudisha vyote 30.

Mkadhani hadithi imeisha? Bado. Kusafirisha ni ghali, mazungumzo ni marefu, mpaka 2019 ndipo vikatua Nairobi. Na vilipotua vikakwama uwanja wa ndege kwa sababu ya mvutano wa ushuru wa forodha! Yaani babu anarudi nyumbani anaulizwa amelipiwa kodi ya kuingiza bidhaa. Nilipomsomea rafiki yangu wa Songea kipande hicho alicheka, halafu akanyamaza. Mwenye duka alimwita bidhaa wakati wa kutoka, na sisi tukamwita bidhaa wakati wa kurudi.

Na hata vikitoka hapo, viende wapi? Mji gani? Ndugu wa nani? Kadi haikuandikwa. Illinois State Museum nayo ilikabidhi vingine 37 mwaka 2023, na swali ni lilelile. Kurudi Kenya ni jambo moja, kurudi nyumbani ni jambo jingine.

Kisa cha pili cha Denver ni cha makumbusho mengine, Denver Art Museum, ya sanaa hasa, na hiki ndicho kilichonibadilisha mawazo. Wazuni wa New Mexico wana miti iliyochongwa wanayoiita Ahayu:da, miungu pacha walinzi wa mji. Kila mara inachongwa mipya na kuwekwa mahali pa ibada pasipo na paa, na ya zamani inabaki palepale ioze. Kuoza kwake ndiyo kazi yake. Wakusanyaji waliikuta, wakaona imetupwa, wakaichukua. Si mnaona ni hadithi yetu neno kwa neno?

Mwaka 1978 viongozi wa Wazuni wakaenda Denver Art Museum kuidai. Makumbusho yalisitasita, manake wajibu wao ulikuwa kuvilinda vitu visiharibike, na hapa wanaombwa wavitoe vikaharibike. Mwaka 1980 wakarudisha, miaka kumi kabla ya ile sheria. Wazuni wakajenga mahali penye uzio imara dhidi ya wezi, lakini juu hawakuezeka, ili mvua na jua viingie. Mwizi nje, mvua ndani. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu.

Kutunza ni kufanya nini?

Tunarudi kwa yule komredi na mchwa wake. Hoja yake ni ya zamani sana na ina nguvu, tusiidharau. Makumbusho makubwa yanajua kazi. Yana vyumba vyenye unyevu wa kupimwa. Kanuni zao mpya zinasema kwa vitu vingi unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 60, na joto kati ya nyuzi 16 na 25. Kanuni hizo zililegezwa miaka ya 2010 hivi kwa sababu mashine za kushikilia kipimo kimoja usiku na mchana zilikuwa zinakula umeme kupita kiasi. Huo ndio uendelevu unaozungumzwa sana: punguza umeme, punguza safari za ndege, tumia makasha upya. Ni sawa, sina ugomvi nao.

Lakini fikirini. Tunachoma umeme mwaka baada ya mwaka, mbali kabisa na Kilifi, kumzuia mzee asimalize kazi aliyosimamishiwa. Na si umeme tu. Zamani makumbusho mengi yalipuliza dawa kwenye miti na ngozi kuzuia wadudu, arseniki, zebaki, DDT, na kuna vitu vilivyorudishwa kwa makabila ya Marekani vikawa na sumu hiyo bado. Kigango ni kitu cha kuguswa, cha kumwagiwa tembo, watoto wanacheza karibu nacho. Ukikitunza kwa sumu umekitunzia nani?

Wanaosema "huku vingeliwa" wanachukulia kwamba kinachotakiwa kudumu ni mti. Mimi naona kinachotakiwa kudumu ni kujua: kuchonga, kusimamisha, kumtaja mzee kwa jina lake, kujua ni lini umwache. Kama ujuzi huo upo, kigango kikiliwa kingine kitachongwa. Kama haupo, hata mkiwa na vigango 300 kwenye vioo, mmehifadhi mbao. UNESCO yenyewe ni kama imekubali hilo: kaya zetu ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka 2009 mila zinazoambatana nazo zikaandikwa kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka. Msitu peke yake haukutosha.

Sasa msije mkanigeuza mtu wa kusema yote ya kwetu ni mazuri. Baada ya darasa, komredi mmoja wa kike, naye Mgiriama, alinivuta pembeni akaniambia, "Unapiga kelele za ushirikishwaji, na nyanya yako atachongewa kigango?" Nikakosa jibu. Gohu ni ya wanaume wenye mali. Maskini hana, mwanamke hana. Wanawake wana lao, kifudu, lenye ngoma na vyungu vyake, na ni kwa ngoma hiyo Mekatilili alikusanya watu. Lakini akasema wanunuzi wa sanaa walikimbilia kile kinachosimama wima, cha wazee, na ndicho hata leo tunachokililia. Ana haki. Kama jamii itakaa na makumbusho mezani, swali la kwanza ni nani anatumwa kuisemea jamii. Wazee wa Gohu pekee? Ofisi ya Nairobi? Vijana ambao baba zao ndio walioking'oa? Mimi naona meza iwe ndefu, hata kama kikao kitachelewa kwisha.

Na Mtanzania wangu naye hakukubali ashindwe. Akaniambia, usifikiri kuweka makumbusho ya kwetu ndiyo dawa. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yalivunjwa, kinyago cha Kimakonde kikaibwa pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata kikanunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, ambayo hayakujua ni cha wizi. Mwaka 1990 ikajulikana kiko huko. Kikarudi lini? Mei 2010, baada ya ICOM na UNESCO kuingilia. Miaka ishirini ya barua, kwa kitu ambacho kilikuwa na kumbukumbu zake zote, na mwenyewe ni serikali! Sasa mzee wa Ganze asiye na kadi wala picha ataandika barua ngapi?

Simu kwa babu

Jumatano jioni nilimpigia babu. Nikamweleza darasani ilivyokuwa, nikamwambia na habari ya mchwa, nikitegemea atakasirika. Hakukasirika. Akasema, "Mchwa ni wa hapahapa, mjukuu wangu. Mchwa hakumpeleka popote."

Nikamuuliza, wakikipata wakakirudisha, atakiweka wapi? Akasema palepale, mbona pamebaki wazi. Nikamuuliza kama niwapige picha hawa waliobaki, niandike majina yao, mji, mchongaji kama anamjua, ili wakiibiwa tuwe na ushahidi. Hapo alikaa kimya kidogo. Akasema wapo wawili ambao naweza kuwapiga, na mmoja ambaye lazima kwanza aulizwe, na kwamba picha hizo zisiende kwa mtu yeyote mpaka tuzungumze. Mahali walipo pia nisipaandike popote. Ndiyo maana hamwoni picha hapa leo, na hamtaiona.

Halafu akataja jina la kijana anayeaminika alimng'oa baba yake usiku ule. Sitaliandika. Ni mtu mzima sasa, tunamwamkia shikamoo, tunakula naye matangani. Kuna wanaosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Babu hakutumia methali hiyo. Alisema tu kwamba mtu huyo akipita karibu na nafasi ile huwa anazunguka mbali.

Insha nimeshaiandika, na inatakiwa Ijumaa. Nimesema kwamba makumbusho ya sanaa yanayotaka kuwa ya maadili yaanze kwa kutoa orodha ya kila walicho nacho pamoja na kadi zake, hata zile tupu, ili wenye picha na kumbukumbu waweze kulinganisha. Nimesema ushirikishwaji ni kumuuliza mwenye kitu anataka kitunzwe vipi, na kulikubali jibu hata kama jibu ni kwamba kiachwe kioze. Na nimesema uendelevu wa kigango uko mikononi mwa watu wanaojua kuchonga kingine. Sijui nitapata alama ngapi, mhadhiri wetu ni mkali na maneno yanayokosa tanbihi.

Likizo ikifika nakwenda Ganze na kamera ya kuazima na daftari. Nitaanza na majina. Baba nimemwambia, hakusema ndiyo wala hapana, aliuliza tu nitalala kwa babu siku ngapi.

Wale mlio na wazee nyumbani, Mmijikenda au si Mmijikenda, waulizeni kuna nini kiliwahi kuondoka kwenye mji wenu na nani anakikumbuka kilivyofanana. Na wewe komredi wa mchwa, najua unasoma hapa. Hatujagombana, njoo kantini tumalizie mjadala. Chai juu yangu, mandazi juu yako.